Mwaka wa Kuuliza Majina

Mama mkwe wangu tulimzika Alhamisi. Historia yake ya kusomwa kaburini niliiandika mimi, kurasa mbili, kwa sababu Asukulu, mume wa mdogo wa mke wangu, aliamua kwa niaba ya ukoo mzima: "Weye njo ulisoma sana, andika." Nikaandika. Alizaliwa, alibatizwa, alizaa mabinti sita, alipenda wageni, alimaliza mwendo. Mchungaji aliisoma kwa sauti ya kutetemeka na watu wakalia vizuri sana. Uongo mtupu. Hamkuwa na neno la uongo ndani yake, hapana. Uongo ulikuwa katika kile nilichoruka. Niliruka mwaka mmoja, mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na sita, nao ndio nauandika hapa, maana siku mbili baada ya mazishi nilisikia kitu kuhusu mwaka ule.

Jina lake sitalitaja, msiniulize. Kwetu Baraka, mji wa ukingoni mwa ziwa, na hata kule milimani Fizi, mwanamume hatamki jina la mama mkwe wake, hali naye sahani moja, hampi kitu mkono kwa mkono. Ukitaka kumpa chumvi unaiweka chini, unarudi nyuma, naye anaiokota; yeye naye jina la mkwewe halitamki. Wageni wakiona wanadhani tumegombana. Ni heshima, na heshima ni kitu kizuri. Lakini nimeishi vya kutosha kujua kwamba hakuna blanketi kubwa kama heshima kwa mtu anayetaka kuficha ubaya wake. Mtu akikulaumu unamjibu: ni desturi, ningefanya nini? Na hakuna wa kukufunua.

Mwaka ule mimi na Riziki tulikuwa tumeoana juzijuzi na tulikaa kwa mama yake, jambo ambalo lenyewe ni aibu tosha kwa mwanamume. Nilikuwa na diploma ya sekondari na sikuwa na kazi. Nyumba yake ilikuwa karibu na soko, matofali mabichi na mabati, vitanda sita vya wageni, na harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, ambayo haikutoka hata kwa sabuni. Chumba chetu kilitengwa na jiko lake kwa ukuta wa matete uliopakwa udongo, na udongo ulishadondoka siku nyingi. Yeye anapika upande ule, mimi nakaa upande huu. Hakuwahi kunisemesha uso kwa uso, lakini aliniambia kila kitu. "Riziki," angepaza sauti ya kuvuka barabara, na Riziki yuko pembeni yake anachambua majani ya sombe, "ambia bwana yako, mutu akienda Ubwari mwezi ya upepo, asishukie ku muchanga ya mbele. Azunguke nyuma. Kule kuko mama moja anapika samaki ya kuhe muzuri." Riziki hata kichwa hakuinua. "Amesikia, mama." Siku ambazo Riziki hayupo, alizungumza na kuku. "We kuku, ile maji ya moto yenye kutoka chini ya ziwa, bageni baione asubuhi. Muchana haionekane." Nilikuwa nacheka peke yangu upande wangu, na ninaandika. Nilikuwa na daftari la shule, na mwaka haujafika nusu lilikuwa limejaa maneno yake.

Alikuwa mchuuzi wa ndagala tangu ujana, na mitumbwi ya ndagala ilimfikisha kila kijiji cha ziwa, upande wetu na ng'ambo, Burundi mpaka Kigoma. Simu hazikushika kule rasi ya Ubwari. Kwa hiyo mgeni akilala kwake na kusema kesho anasonga mbele, yeye alichukua kamba ya mgomba na kufunga mafundo, kila fundo mtu mmoja. Akichomeka kipande cha makaa, maana yake wageni wanataka maji ya moto ya kuoga. Pilipili kavu: wanakula pilipili. Unyoya wa kuku: samaki hawali. Kamba alimpa mama yeyote wa ndagala anayetangulia alfajiri, na mgeni akifika jioni alikuta chungu kiko motoni na kitanda kimetandikwa, na hakuna aliyemtangulia kwa simu wala kwa barua. Padri mmoja aliwahi kuuliza kama kijiji kizima kinaota ndoto moja. Kamba ile ile ilirudi Baraka na mafundo mengine: barabara imekatika, askari wamefunga njia, mama fulani mgonjwa asipelekewe watu. Hakuna aliyeiita elimu. Ilikuwa kamba ya mgomba tu, na yeye alikuwa mama wa ndagala tu.

Ndipo akaja Madame Profesa. Alitoka chuo kikuu cha mjini, mpole, miwani moja machoni na nyingine kichwani, na alikuwa anatafiti namna maarifa yanavyosafiri kati ya watu wa nchi hizi za maziwa, na namna yanavyozaa mambo mapya katika utalii. Utalii! Fizi! Tulicheka mpaka tukashika mbavu, lakini tulichekea nje, baada ya kusaini. Alitukusanya vijana sita wa kumwulizia maswali katika darasa la shule moja kule Fizi-Centre, ambako baridi ya mlima inaingia hadi kwenye kalamu, akatunywesha chai ya maziwa ya unga na kutulisha maharage yenye mawese. "Hoteli sizitafuti," alisema. "Natafuta nani anamfundisha nani." Fomu yake ilikuwa na swali moja kubwa: taja watu watano unaowaendea ukitaka kujua jambo la njia, la ziwa au la wageni. Kila mtu angekuwa nukta kwenye karatasi, na kila jibu mstari wa kwenda kwa yule aliyetajwa. "Jina kamili," alisema akigonga meza. "Bila jina kamili hakuna mstari." Kisha, huku akikoroga chai, akasema kwamba mwenye mistari mingi kuliko wote ndiye atakayekuwa msimamizi wa mtandao wa Baraka, na mradi utamsomesha chuo. Sikumaliza maharage yangu siku ile. Nilijua papo hapo ni nani angekaa katikati ya karatasi, na nilijua kwamba mtu huyo hahitaji chuo, na kwamba mimi nakihitaji.

Nilianza na Asukulu kwa kuwa alikuwa karibu. Alikuwa na mtumbwi wa injini na kila alichokijua kuhusu kubeba wageni alikipata kwa mama mkwe wetu, naye kwa njia ya ukuta wake na kuku wake. Akataja wanne haraka. "Wa tano njo ule mama." "Mama gani?" nikamuuliza, mimi mwenyewe ninayekula ugali wa mama huyo. "We! Unaniuliza mama gani? Mama ya Riziki!" "Fomu inataka jina kamili." Akaniangalia kama nimemvua nguo sokoni. "Mi nitaje jina ya mukwe wangu? Na weye mukwe wake njo unaniambia niitaje? Uko muzima kweli?" "Basi niandike nini?" "Andika Mama Riziki, si kila mutu anamujua?" Ningeweza kuandika hivyo. Pembeni ya fomu palikuwa na nafasi ya maelezo, na Madame Profesa alikuwa mtu wa kusikiliza, ungemweleza desturi yetu kwa dakika mbili angeelewa. Nikaandika: hakuna. Asukulu hakuomba kusoma. Ndivyo nilivyofanya kwa wakwe wote wa mama yule, na kwa ndugu za wakwe, maana ndugu wa mkwe naye ni mkwe, na mabinti sita alikuwa amewaoza kando ya ziwa kote. Watu waliojifunza kwake kuliko wote ndio hasa wasioweza kumtaja. Mtego ule sikuutega mimi, niliukuta. Nilichofanya ni kusimama kando na kuutazama ukifunga.

Waliobaki niliwaogopa. Wamama wa ndagala wa Ubwari hawakuwa wakwe zake, wala wauza chai wa Misisi wanaolaza wafanyabiashara wa dhahabu, wala yule mkimbizi Mrundi aliyelima mihogo na kupokea wapita njia. Hao wangelitaja jina lake bila shida, na wenzangu watano nao walikuwa wanauliza huko huko. Nilipanda mtumbwi wa Ubwari. Nikauliza swali langu, na wakataja jina langu. Mimi! Kamili, mpaka jina la baba. Wenzangu waliporudi na fomu zao, hali ilikuwa hiyo hiyo. Nilishangaa, lakini mshangao wa mtu mwenye kiburi haudumu. Nilijiambia ni diploma yangu, ni daftari, ni namna ninavyosema na watu; hatimaye wameniona. Mjinga ni mjinga hata akiwa na kalamu.

Karatasi kubwa tuliibandika kwenye ubao kule Fizi, nukta na mistari, kila nukta na namba yake ili kuficha majina. Wenye nyumba za wageni waliandikwa wote toka mwanzo, kwa hiyo naye alikuwamo, namba thelathini na moja, chini kabisa upande wa kushoto. Mistari ilikuja kwangu kutoka pande zote hadi nukta yangu ikawa haionekani kwa wino. Kwake haukwenda hata mmoja. Madame Profesa aliiwekea kidole nukta ile. "Huyu ana vitanda sita, anakaa karibu na soko, na hakuna hata mtu mmoja anayemwendea? Ajabu." Akanigeukia. "Wewe ni wa Baraka. Unamfahamu?" Wenzangu wawili wa Baraka walikuwepo, nao wanajua ninalala nyumba gani. Walitazama viatu vyao. Nikasema, "Ni mama wa kuuza ndagala, Madame. Ana vitanda, basi." Akaandika maneno hayo kwenye daftari lake. Nimeyaona baadaye yakiwa yamechapwa, kwa Kifaransa kizuri, ukurasa wenye picha ya ziwa.

Matokeo yalionyeshwa Baraka, katika ukumbi wa parokia moja, siku ya kwanza ya mafunzo ya siku tatu. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili picha ionekane kwenye shuka, jenereta inanguruma nje, watu wanatoka jasho. Mimi nilishika kijiti cha kuonyeshea. Madame Profesa akaeleza kwamba majina yamefichwa. Yamefichwa Baraka! Kabla ya soda ya mapumziko kila mtu alikuwa ameshajua kila namba ni ya nani. Mwuza petroli mmoja wa sokoni akapiga kelele toka katikati: "Na ile makumi tatu na moja, mbona iko yeye moja sawa mutu wa ukoma?" Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa nyuma na wamama, kitenge chake cha kanisani, mikono mapajani. Kijiti changu kilikuwa karibu na nukta ile. Sikukiondoa, na ukweli ni kwamba nilicheka pia, si sana, kiasi cha kuonekana niko pamoja na watu.

Siku mbili zilizofuata nilifundisha. Nilisoma toka daftarini: kuzunguka nyuma ya Ubwari wakati wa upepo, maji ya moto asubuhi. Nikafundisha kamba na mafundo yake, makaa, pilipili, unyoya. "Hii," nikasema, "sisi vijana tuliibuni." Madame Profesa alipiga makofi mpaka miwani ya kichwani ikaanguka. Huo ndio ubunifu aliokuwa akiutafuta toka mwanzo, alisema, kumbe uko hapa. Wakwe wenzangu ukumbini walikaa kimya, maana wangenipinga vipi bila kumtaja mkwe wao? Asukulu alitoka nje na hakurudi siku hiyo. Mama mkwe wangu alisikiliza maneno yake mwenyewe yakirudi kwake kwa mdomo wangu, safari hii bila matete kati yetu, na hakutikisika.

Siku ya tatu vilitolewa vyeti. Mimi ndiye niliyeita majina na kukabidhi. Nilipofika kwa mama mkwe wangu, watu walinyoosha shingo, wanataka kuona nitafanyaje. Kulikuwa na njia rahisi, kila mkwe wa Baraka anaijua: ungesema "Mama Riziki", ukaweka karatasi mezani, ukarudi nyuma. Nikasema, "Makumi tatu na moja." Kicheko tena. Akainuka. Alitembea taratibu kati ya viti, goti lake la kulia lilikuwa na shida, na alipofika mbele nilimnyooshea cheti kwa mkono. Hakuweza kukipokea. Hata kidogo hakuweza, na nilijua. Alisimama pale mbele ya mji mzima, mikono imening'inia, anatazama pembeni ili asinitazame, na mimi mkono wangu umenyooka. Nimejiuliza miaka yote kwa nini sikukiweka mezani. Jibu si zuri. Nilikuwa naona aibu, na nilimchukia kwa sababu ndiye aliyekuwa akinifanya nione aibu, basi nilitaka aionje naye. Riziki ndiye aliyetoka nyuma, akaninyang'anya ile karatasi, akampa mama yake, akamshika mkono wakatoka. Jioni ile upande wa jiko nilisikia mwiko unagonga sufuria na hakuna neno. Hakusema tena na ukuta, wala na kuku. Alipika, akala, akalala.

Mradi ulipeleka wageni kwenye nyumba zenye mistari, na yake haikuwa nayo. Kamba nikazifuta nikaleta fomu za kujaza, nakala tatu, zikalala mezani kwangu chini ya jiwe. Watalii wenyewe walikuja wanne mwaka mzima. Wawili wa mwisho walifika Ubwari jioni wakakuta hakuna chungu wala kitanda, kwa sababu karatasi ya kuwatangulia ilikuwa bado Baraka inangoja mhuri wangu. Kisha bunduki zikaanza tena milimani, Madame Profesa akarudi mjini, na mradi ukafa kama miradi yetu inavyokufa, ubao wake umebaki umesimama. Mimi nilikuwa nimeshapata nilichotaka. Niliondoka kwenda chuo. Mama mkwe wangu aliviuza vile vitanda sita kwa mfanyabiashara wa Misisi, akarudi kubeba ndagala kichwani na goti lile. Aliishi miaka mingi baada ya hapo na sikumsikia akinisema vibaya kwa mtu. Nilidhani hakuelewa kilichotokea. Ndiyo, nilithubutu kudhani hivyo, mimi mwalimu wa chuo.

Jumamosi, siku ya pili baada ya mazishi, wamama wa Ubwari walifika. Ziwa lilikuwa limechafuka na mitumbwi haikuweza kuvuka mapema. Walikaa kwenye mikeka uani, wakalia kwa zamu yao, wakala, na baada ya kula wakaanza vicheko vya matangani, maana marehemu hazikwi kwa machozi peke yake. Mkubwa wao, Mama Bahati, ambaye aliuza ndagala pamoja na marehemu tangu wote wasichana, aliniona nimekaa ukutani akanionyesha kwa kidole. "Njo huyu mukwe! Basi mi niwaambie bintu. Munakumbuka ile mwaka ya bantu ya kuuliza majina? Ule mama alibatangulia. Alikuja mbele yao, kijiji kwa kijiji, malaria mu mwili, anatetemeka mu mutumbwi. Anatuambia: mukwe wangu na benzake batakuja na makaratasi. Batauliza munajifunza kwa nani. Musitaje yangu. Mutaje yake."

Wamama wakacheka. Mmoja akauliza kwa nini. "Nami nilimuuliza! Akasema: mi niko muzee, kazi ya makaratasi nitaifanya nini? Mutoto wangu Riziki anapashwa kula, na bwana yake anakaa tu kwangu anaona haya. Akipata kazi, haya itatoka. Na hataniacha, mi njo nilimufundisha, ataniweka karibu." Mama Bahati akajifuta machozi ya kicheko kwa kona ya kitenge. "Sasa sisi tukamwambia, jina yake ni gani? Maana sisi tulikuwa tunamujua tu bwana ya Riziki. Ah! Mama mukwe ataitaje? Akafunika uso yote na kitambaa. Akaisema. Jina yake, jina ya baba yake, yote, mara tatu, mupaka tukaishika. Kijiji kwa kijiji. Mu maisha yangu sijaona mama mukwe mwenye kufanya vile."

Wakapiga makofi kwa ajili yake, wakitikisa vichwa. Misisi pia habari ilifika kwa njia hiyo, na kwa Mrundi yule pia, kwa mdomo wa hao hao wamama na mizigo yao. Kila mstari uliokuja kwangu ulitoka kwake. Karatasi nzima ya Madame Profesa ilikuwa picha ya mtu mmoja akiwatuma watu, na mimi nilisimama mbele yake na kijiti. Riziki alikuwa nyuma yangu na sufuria ya ugali, anapakua. Nilisikia mwiko umesimama.

Mama Bahati akaniinamia, uso wake una furaha ya kweli. "Na weye baba, ulipopata ile kazi, ulimuweka karibu. Si ndiyo?"

Uani kote walinigeukia, wanangoja kusikia mwisho mzuri wa hadithi ya rafiki yao. Riziki aliniachia nafasi, na nadhani alinihesabia hata pumzi.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nilimuweka."

"Mukwe muzuri," akasema mmoja wao, na wote wakanipigia makofi, nami nikainamisha kichwa kama mtu anayeshukuru.